Mtahini na Watu wa Karatasi ya Njano

Alikozaliwa sikujui, wala sijawahi kutamani kukujua. Jina lake nalijua vizuri, ila silitaji hapa, na asije mtu akadhani ni kwa heshima. Sisi tuliopita mikononi mwake tulimwita Mtahini, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Kazi iliyompa jina ilikuwa ya siku moja kwa mwaka. Asubuhi hiyo aliwapima wanafunzi wapya wa chuo chetu Kiingereza na hesabu, hata mabegi yao hawajayafungua, halafu akatangaza nani aanze masomo ya shahada na nani apelekwe mwaka mzima wa matayarisho. Siku nyingine zote alikuwa mwalimu wa kawaida, tena wa kuchosha. Siku hiyo moja alikuwa mungu mdogo mwenye suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu.

Chuo chenyewe kilikuwa kipya. Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipofunguliwa milango kwa watu binafsi: redio, mabasi, viwanda vya minofu ya sangara, na mwisho vyuo. Watu walijikusanya, wakakodi majengo ya ushirika ulioshindwa kununua pamba, wakapaka chokaa, wakatundika kibao. Ukumbi wetu wa mitihani ulikuwa ghala la pamba. Ndoana ya mzani ilikuwa bado inaning'inia juu, na baba yangu, ambaye aliwahi kupunjwa kilo zake chini ya ndoana hiyo, alipokuja kunitembelea aliitazama yenyewe kwanza kabla ya kunitazama mimi. Mtahini alisimama chini yake kila mwaka kutoa maelekezo. Sidhani kama aliwahi kuinua macho.

Saa yake aliivaa uso wa saa ukiwa upande wa ndani wa mkono, ili atakapoitazama wewe usiione. Saa mbili kamili mlango ulifungwa na ufunguo ukaingia mfukoni. Mwaka mmoja alikuja kijana kutoka ng'ambo ya Busisi, jasho linamtiririka. Kivuko kilichelewa kutia nanga Kigongo na yeye akachelewa mlangoni dakika nne. Mtahini alimsikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu wote, kisha akamwambia kwamba kivuko hakijaandikishwa chuoni, aliyeandikishwa ni yeye. Kijana akapelekwa matayarisho bila kuandika hata herufi moja. Mtahini aliyarudia maneno hayo kwenye chumba cha walimu wiki nzima, na kila aliporudia dakika zilizidi kuongezeka, mpaka zikafika robo saa.

Misemo alikuwa nayo, ingawa si mingi. Alioupenda kuliko yote ni "Karatasi haina ndugu." Aliusema ukimwomba, ukilia, hata ukimshukuru. Maana yake ni kwamba mtihani haumjui mtoto wa fulani wala kabila la fulani, na hapo, lazima nikiri, hakuwa mnafiki. Hakula rushwa. Mzazi mmoja, mfanyabiashara wa samaki, alimpelekea nyumbani sangara mkubwa kama mtoto wa darasa la pili. Mtahini alimfunga yule samaki kwenye karia ya baiskeli, akapanda nayo kilima chote kwenda kumrudisha, mkia unaburuta vumbi, watu wanatazama. Nadhani alitaka watazame. Lakini alimrudisha, na sijui walimu wangapi wa miaka ile wangefanya hivyo na watoto wao wakila dagaa. Nimewaza mara nyingi kwamba angekuwa mla rushwa tungepona. Mla rushwa humwamini mtu akimwambia amekosea, maana mwenyewe anajua ana makosa. Huyu alijijua ni msafi, na usafi wake ukawa ukuta.

Kuna mwaka binti mmoja alianguka katikati ya mtihani kwa malaria. Mtahini alimbeba mgongoni, yeye na umri wake, akakimbia naye mpaka zahanati, akakaa hadi alipotundikiwa dripu. Tulisema kumbe mzee ana moyo. Jioni akarudi ofisini, akachukua karatasi yake na kumwandikia sifuri, kwa sababu hakumaliza. Sioni kama vitendo hivyo viwili vilipingana kichwani mwake hata kidogo.

Kiingereza alikipima kwa kututaka tusome kwa sauti kisha tujibu maswali. Kisomo chake kilikuwa kimoja miaka yote: maelekezo ya kutumia mashine ya kufulia nguo, aliyoyanakili kutoka kijitabu cha mmisionari mmoja. Watoto wa wafugaji, ambao mama zao walifulia ziwani juu ya jiwe, walisimama mmoja mmoja wakaeleza nguo nyeupe ziingie kwa joto gani. Ukisitasita kwenye neno ambalo yeye mwenyewe alilikuta kwa mara ya kwanza siku ile ya kunakili, ulikuwa hujui Kiingereza. Nguo zake mwenyewe zilifuliwa na mkewe kwenye beseni, uani.

Lakini fahari yake ilikuwa hesabu, na fahari ya hesabu ilikuwa kadi. Maswali yalikuwa arobaini, kila moja na majibu manne, nawe ulizungushia herufi ya jibu lako kwenye safu ya majibu, pembeni mwa karatasi ya maswali. Mtahini alikuwa amekata kadi kutoka boksi la sabuni, akatoboa matundu arobaini kwa wembe, kila tundu mahali pa jibu sahihi. Aliilaza kadi juu ya karatasi yako, akahesabu viduara vinavyochungulia matunduni, akaandika alama. Ishirini au zaidi, umepita. Sekunde chache kwa mtu mmoja. Alijisifu kwamba anasahihisha mamia ya watu kabla chai haijapoa, na kusema kweli nilimwona akifanya hivyo. Kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya ni kusoma jibu la mtu.

Mkuu wa chuo alimsifu mbele ya walimu wote kwa kadi hiyo, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka uliofuata, ambao ndio mwaka wangu wa kuingia, Mtahini alibuni jipya. Madawati ya ghalani yalikuwa mabenchi ya watu wawili wawili, na watu walikuwa wakichunguliana. Akachapa mtihani wa hesabu kwa rangi mbili, maswali ni yale yale ila mpangilio umebadilishwa. Aliyekaa upande wa kulia wa benchi, upande wa mlima, alipewa karatasi nyeupe. Aliyekaa kushoto, upande wa ziwa, alipewa ya njano. Wazo lilikuwa zuri, nalo sitamnyima.

Benchi langu nilikaa na dada mmoja kutoka Ukerewe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyenizidi miaka sita au saba, na mwajiri wake alimpa ruhusa ya masomo ya miaka mitatu, isiyoongezeka hata siku moja. Alinieleza hayo tukiwa foleni, akicheka, kwamba kwao wamesema akirudi bila shahada atafundisha chekechea mpaka azeeke. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa upande wa ziwa. Yeye anaandika kwa mkono wa kushoto, na viwiko vyetu vikagongana tukiwa bado tunaandika majina. Akaniomba tubadilishane nafasi nisije nikamharibia kazi. Nikasogea kulia. Mtahini alipofika kwetu akampa yeye njano, akanipa mimi nyeupe.

Alimaliza kabla yangu. Nakumbuka kwa sababu alifunika kalamu yake, akaanza kutazama mitumbwi kupitia dirisha la upande wa ziwa, na Mtahini alimwona akitazama.

Matokeo yalibandikwa kesho yake. Kwa Kiingereza watu walipita na kushindwa kama kawaida ya watu, maana Kiingereza kilikuwa cha aina moja kwa wote. Kwa hesabu, hakupita hata mmoja wa njano. Nusu ya ghala, upande mmoja wote, matayarisho. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza. Mtahini alisimama, akajiuliza, na akapata jibu. Alituita wote mbele ya ubao wa matangazo, akatueleza kwamba kukaa ni kuchagua. Mtu aliyechagua upande wa ziwa amechagua kutazama maji, na mtazama maji ni mvivu wa kufikiri. Kiingereza walipita kwa sababu ziwa linafundisha watu kuongea. "Ila halifundishi kuhesabu," alisema, na baadhi yetu tulicheka. Mimi nilicheka.

Chuo hakikulalamika. Mwaka wa matayarisho nao ulihitaji wanafunzi na ada zao. Karatasi hazikurudishwa kwa mtu, hata siku moja, na sisi tuliopimwa tangu darasa la kwanza hatukujua kwamba mpimaji naye huulizwa. Dada wa Ukerewe alisimama mbele ya lile tangazo muda mrefu. Mwaka wa matayarisho ungekula ruhusa yake, kwa hiyo kwake matayarisho na kufukuzwa vilikuwa kitu kimoja. Nilimsindikiza bandarini. Hakulia. Aliniambia tu kwamba kumbe miaka yote ile alikuwa anajidanganya, watoto wa darasa la saba ndio kipimo chake, na kwamba mtu ni vizuri ajue ukomo wake mapema.

Yaliyobaki niliyajua kwa sababu ya uhaba wa karatasi. Mwaka uliofuata Mtahini alinichukua nimsaidie ofisini, kwa kuwa mwandiko wangu ulimpendeza. Kabla ya mtihani wa mwaka ule alinipa rundo la karatasi za njano za mwaka uliopita, niandike majina ya wanafunzi wapya upande wa nyuma. Mchana mmoja wa mvua, sina kazi, nikageuza moja na kuanza kufanya maswali kujipitishia muda. Nikaona jibu la mtu ni sahihi, na la pili sahihi, na la tatu. Nikachukua kadi, nikailaza juu. Matundu yakachungulia mahali pasipo na kitu.

Ilikuwa kadi ya nyeupe. Kadi ya njano haikuwapo na haijawahi kuwapo. Alipobadilisha mpangilio wa maswali alisahau kwamba majibu nayo yamehama, akalaza kadi ile ile ya boksi la sabuni juu ya karatasi za aina mbili, haraka haraka, kabla chai haijapoa.

Karatasi ya dada wa Ukerewe niliitambua bila kutazama jina. Wino ulikuwa umepakazika kuelekea kulia, kama unavyopakazika kwa waandikao kwa mkono wa kushoto. Juu, kwa kalamu nyekundu, iliandikwa tisa. Nilifanya maswali yote mwenyewe, nikasahihisha kwa macho. Alipata thelathini na nane. Kisha nikatafuta yangu, nyeupe, iliyosahihishwa kwa haki zote. Mimi nilipata ishirini na sita.

Nilimpelekea Mtahini kadi na karatasi mbili. Alivaa miwani, akapima moja, akapima nyingine, akavua miwani. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka namna ile na kurudi mahali pake kwa dakika moja.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Mimi tu, Mwalimu."

"Basi hakuna aliyeona."

Nikamwambia kuna dada wa Ukerewe, amesharudi kwao, bado anaweza kuitwa. Akanijibu kwamba walioondoka wameondoka, na waliobaki wamesoma hesabu mwaka mzima, na hesabu haijawahi kumdhuru mtu. Tukisema leo, alieleza, hakuna atakayeamini mtihani wa kesho. Kwa hiyo kwa faida ya watakaokuja, waliopita wanyamaze. Alivyoyapanga maneno hayo ungedhani ni kanuni ya jometri.

Jioni ile alikata kadi ya pili. Sanduku la bati alilotunzia mitihani, ambalo hata mkuu wa chuo hakuwahi kuligusa, alinipa mimi ufunguo wake wa pili, na baada ya wiki mbili nikaitwa Msaidizi wa Mtahini, kwa barua. Nilimaliza chuo nikiwa na cheo hicho na nikaajiriwa nacho. Hakunitisha wala hakuniomba kitu. Aliniamini tu, mbele ya watu, na mimi nikaona raha.

Mwaka ule watu wa njano walipita kama wa nyeupe. Nilidhani aibu itamfunga mdomo. Aliwakusanya mbele ya ubao na kuwapongeza kwamba safari hii watu wa ziwa wameamka. Kuanzia hapo nadharia yake ikakua badala ya kufa. Aliielezea kwa wageni wa chuo, kwa wazazi, kwa askofu aliyepita kutusalimia. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameonyeshwa lake kwa karatasi mbili na kadi, akalitazama, na bado akaendelea kuwacheka wenzake.

Miezi michache baadaye nilipata barua kutoka Ukerewe. Salamu, watoto hawajambo, mvua ni za kutosha. Kisha ombi moja: kama nina daftari zangu za hesabu ambazo sizitumii, nimpelekee, apitie polepole jioni jioni, "nione nilikosea wapi." Nilimpelekea daftari tatu. Niliandika na barua ya kumweleza ukweli, nikaichana, nikaandika nyingine, hata nikaifunga kwenye bahasha. Daftari zilikwenda bila barua.

Mtahini alistaafu karne mpya ikiwa na miaka michache, akahamia nyumba yake Kiseke. Chuo kikaamua kumtunuku cheti kwa miaka yake ya upimaji wa haki, na mimi, niliyeachiwa sanduku, nikatumwa nimpelekee barua ya mwaliko. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha kamba, mwembamba kuliko nilivyomwacha, saa yake bado imegeukia ndani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniambia nikae. Upande wa pili wa baraza mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa mbele ya ubao mdogo na mwalimu wake wa hesabu, mwanamke aliyetupa mgongo. Chaki ilikuwa mkono wa kushoto.

Mtahini aliisoma barua polepole, akaikunja, akanisogezea kichwa.

"Unamwona huyo mwalimu? Amehamishiwa shule yetu kutoka visiwani. Ana kichwa. Mtoto alikuwa hajui sehemu, sasa ananifundisha mimi. Wanawake kama hao sijui kwa nini hawaji chuoni."

"Alikuja, Mwalimu. Mwaka wa kwanza wa rangi mbili."

 Nilimtazama usoni nione kama ule uzee wa dakika moja utarudi. Nilikuwa nautamani, sitaficha. Nilitaka nimwone akianguka kutoka kwenye kile kiti.

"Alikaa upande gani?"

"Wa ziwa."

"Ndiyo maana," alisema, akatikisa kichwa kwa huruma.

Hakuwa anadanganya. Nilijua sura yake ya kudanganya, na haikuwa hii. Miaka ilikuwa imepita, ameisema nadharia yake mara nyingi mno, na ile kadi ya boksi la sabuni imekwisha kufutika kabisa kichwani mwake. Nilimdharau pale kuliko siku zote, nikaona dharau yenyewe haimfikii, kama mtu anayerusha mawe ziwani.

Mwalimu aligeuka kutafuta kifutio, akaniona, akanitambua. Alikuja akiwa na furaha ya kweli, akanipa mkono wenye chaki, akaulizia nyumbani, watoto, kazi. Akamwita mtoto aje anisalimie. Akamwambia huyu kaka walikaa naye benchi moja chuoni, na katika mtihani wa hesabu yeye alishindwa, huyu akapita, kwa hiyo amwamkie vizuri, ni mtu mwenye akili.

"Shikamoo," alisema mtoto.

Badala ya marahaba, nilimgeukia dada. Nikasema kwamba hakushindwa. Nilisema haraka na vibaya, hapo hapo mbele ya mtoto: kwamba karatasi ya njano ilisahihishwa kwa kadi ya nyeupe, kwamba wote wa njano walionewa, kwamba yeye alipata thelathini na nane.

Dada alijipangusa chaki mkononi. Mtahini alifungua barua yake tena.

"Kati ya arobaini?"

"Ndiyo, dada."

"Na yale mawili niliyokosa ni yapi?"

Nikamwambia sikumbuki. Akatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya mwalimu mtoto akiwa hajaandika kazi yake. Akamtuma mjukuu ndani akalete maji, akasubiri mpaka mlango ulipofungwa.

"Wewe ulijua lini?"

"Mwaka uliofuata."

"Kabla ya barua yangu ya kuomba daftari, au baada?"

Nilimtazama Mtahini. Alikuwa anasoma mwaliko wake kwa mara ya pili, midomo inacheza.

"Kabla," nikasema.